Carmenère: Zabibu ya Chile iliyoitwa kwa jina lisilo lake

Mnamo Novemba 1994, mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alitembelea shamba moja katika bonde la Maipo, kusini mwa mji mkuu wa Chile, Santiago. Huko alibaini kuwa mizabibu iliyodhaniwa kuwa Merlot ilikuwa Carmenère, aina ya kale ya Bordeaux.

Mizabibu hiyo ilivushwa bahari katikati ya karne ya 19, kabla ya mdudu aitwaye filoksera kuangamiza mashamba ya Ulaya. Ufaransa iliipoteza karibu yote. Chile, ambako mdudu huyo hakuenea, ikaitunza pasipo kujua.

Kosa la jina lilizaa kosa la mavuno. Carmenère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot. Ikichumwa mapema, mvinyo wake hunuka pilipili hoho mbichi, na ladha yake huwa kama ya majani mabichi.

Ikisubiriwa, mambo hubadilika. Mwonjaji hutazama kwanza rangi yake nyekundu iliyokolea, huzungusha bilauri, kisha hunusa: matunda meusi na viungo hutangulia, hoho hubaki kwa mbali. Kinywani mvinyo ni mzito, lakini ukakasi wake ni mpole.

Ng'ambo ya milima ya Andes, Argentina hujivunia Malbec, nayo yenye asili ya Ufaransa. Chile sasa ina zabibu yake ya kujitambulisha, baada ya kujifunza kuivuna kwa wakati wake.