"Bwana shamba, kizibo kipi?" Tengeneza mwongozo wa kupiga dawa kwa Canva

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu mmoja wa nyanya niliandika maelekezo ya kupiga dawa kwenye karatasi, nikaipiga picha na kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Niliandika: "Weka vizibo viwili kwa pampu." Kichwani nilikuwa na chupa niliyoizoea na pampu ya lita 20. Kijana mmoja wa upande wa Kahama alikuwa na chupa yenye kizibo kikubwa na pampu ya lita 15. Akafuata nilivyosema. Siku chache baadaye majani yakaungua na maua yakadondoka. Nyanya zile alikuwa amezilenga soko la Katoro, kwa watu wa machimbo. Nilipofika shambani hakunigombeza. Aliuliza tu, "Bwana shamba, kizibo kipi?"

Tangu siku hiyo siandiki "kizibo". Nakaa chini, natengeneza mwongozo unaoeleweka. Natumia Canva, programu iliyoanzia Australia na kufunguliwa kwa umma mwaka 2013. Inafanya kazi kwenye simu na kompyuta, na sehemu ya bure inatosha kabisa. Ukiona picha yenye alama ya taji, hiyo ni ya kulipia, iache.

Fanya hivi:

1. Anza na kalamu. Kabla ya kufungua simu, andika kazi moja tu unayotaka ifanyike. Kupiga dawa ni mwongozo mmoja, mbolea ni mwongozo mwingine. Ukichanganya, hakuna atakayesoma.

2. Chukua vipimo kwenye lebo ya dawa iliyosajiliwa na TPHPA, siyo kwa jirani. Tuseme lebo inasema ml 40 kwa lita 20 za maji. Pampu ya lita 15 itahitaji 40 × 15 ÷ 20, yaani ml 30. Ya lita 16 ni ml 32. Weka jedwali dogo la pampu zote tatu.

3. Fungua Canva, chagua ukubwa wa A4 kama utachapisha na kubandika stoo. Kama ni wa simu tu, chagua mraba.

4. Weka picha zako mwenyewe: pampu yako, kikombe chako chenye alama za ml, kibarua wako akiwa na glavu, barakoa na buti. Mtu huamini anachokitambua.

5. Hatua zisizidi sita, kila moja sentensi moja fupi. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, namba ziwe kubwa. Nyekundu itunze kwa onyo tu, hasa siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

6. Pakua PDF kwa ajili ya kuchapisha, PNG kwa ajili ya simu. WhatsApp itume kama dokumenti, maana ukituma kama picha hupungua ubora na namba zinafifia. 3 ikisomeka 8, umeunguza shamba la mtu.

Hatua ya mwisho ndiyo niliyoiruka mimi: jaribu. Mpe kibarua mwongozo, pampu na maji matupu bila dawa. Mwambie apime, wewe nyamaza. Kama kuna mzee anayesoma kwa shida, mwache aangalie picha peke yake. Pale anapokwama ndipo penye kosa, na kosa ni la mwongozo, siyo lake.

Yule kijana ndiye wa kwanza niliyempelekea mwongozo mpya. Aliutazama, akachukua kikombe, akapima ml 30 za maji bila kuniuliza kitu. Kisha akaniambia niongeze tarehe ya lebo chini, ili mtu ajue kama maelekezo yamepitwa na wakati. Nimeongeza. Na wewe usisahau kuiweka kwenye wako.