Tamthilia Isiyo na Cheti

Mtu akitaka kusomea sanaa za maonyesho Kisii au Nyamira, njia ya kawaida ni kujiandikisha kusomea kitu kingine. Anajiunga na chuo cha walimu, anasoma hesabu na saikolojia ya mtoto, kisha siku moja anasikia kwamba wanaopenda drama wakutane bwaloni baada ya chakula cha jioni. Masomo yake ya tamthilia huanzia hapo. Hayamo kwenye ratiba, na mwalimu wake ni yule wa Kiswahili au Kiingereza ambaye miaka kadhaa iliyopita alichelewa kukataa.

Kinachoendesha masomo hayo ni tamasha la kitaifa la drama, lililoanza mwaka 1959 na ambalo vyuo vya walimu hushiriki kando ya shule. Vikundi vya Kisii na Nyamira hukutana na vya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kwenye mashindano ya eneo la Nyanza, na wanaofuzu huabiri basi kwenda fainali mwezi Aprili. Kwa hiyo mwaka wa tamthilia una miezi minne hivi. Mei ikifika, jukwaa linarudi kuwa meza za kulia ugali.

Wanachojifunza katika miezi hiyo si kidogo. Mvua ya Kisii hupenda kunyesha alasiri, saa ile ile ya mazoezi, na chini ya paa la mabati mwigizaji asiyejua kutoa sauti kutoka tumboni hasikiki hata na mwenzake. Maleba na mapambo lazima yaingie katika buti ya basi, kwa hiyo benchi moja huwa kiti cha enzi, kitanda cha mgonjwa na kizimba cha mahakama. Kuna vyuo vikubwa duniani vinavyotoza karo nzito kufundisha ubahili wa namna hiyo. Somo la lafudhi ni gumu zaidi: mwigizaji akimcheza mfalme kwa matamshi ya Ekegusii anapoteza alama, lakini akimcheza bawabu kwa matamshi hayo hayo, ukumbi unavunjika mbavu na majaji wanaandika kwamba ana kipaji.

Udhaifu uko kwenye maandishi. Chuo kikiwa na fedha humtafuta mwandishi wa nje, naye huja na hati, huwafunza vijana na kuondoka. Hilo si la vyuo pekee: tamthilia ya “Echoes of War” ya Shule ya Wasichana ya Butere, iliyozua mvutano na polisi Nakuru mwaka 2025, iliandikwa na aliyekuwa seneta, Cleophas Malala. Mwandishi wa kukodi anaweza kuwa hodari. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hukariri maneno bila kuona yalivyojengwa, na tamasha likiisha hati hupotea. Kikundi kinachofuata huanza upya, kana kwamba hakuna aliyewahi kuigiza pale.

Malighafi ya kujiandikia haikosekani. Januari 1908, mpiganaji wa Abagusii, Otenyo, alimchoma mkuki afisa wa utawala wa Waingereza, G.A.S. Northcote, kwa msukumo wa nabii Moraa. Jeshi la adhabu likafuata, likachoma nyumba na kuswaga mifugo. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Mwanafunzi akibuni mwisho wa aina hiyo ataambiwa hauaminiki.

Baada ya chuo, wachache hupata riziki katika vikundi vinavyozunguka shule vikiigiza vitabu teule kama “Bembea ya Maisha” ya Timothy Arege, au kwenye vipindi vya redio za Ekegusii kama Egesa FM. Wengi hufundisha, na drama inabaki kuwa kazi ya jioni isiyolipwa.

Sasa serikali imeanza kuihitaji kazi hiyo. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia sekondari pevu Januari 2026, na katika mkondo wa sanaa na michezo mwanafunzi anaweza kuchagua tamthilia na filamu. Shule zitatafuta walimu wenye somo hilo kwenye vyeti vyao. Mwalimu aliyelifundisha bwaloni miaka kumi hana cheti hicho. Ana trofi, na zimefungiwa katika ofisi ya naibu mkuu.

Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa msingi na kikapata hadhi kamili mwaka 2013, kwa hiyo pande zote mbili za jambo hili, ufundishaji na vyeti, hakizioni kwa mbali. Kina wahadhiri wa fasihi, na tamasha la ushairi la Kistrech, lililoasisiwa na mhadhiri wake Christopher Okemwa, limekuwa likileta washairi wa mataifa mbalimbali mjini humo. Kingeweza kuanzisha kozi ya likizo kwa walimu walio kazini, inayopima na kutambua uzoefu wao; kozi hiyo haihitaji jengo jipya. Ingeweza kuanza kwa kuwaomba walimu hao hati zote walizonazo, zipigwe chapa na kuwekwa maktabani, kabla wenye kuzikumbuka hawajastaafu.