Je, Wajua? Machimbo na Tuzo Kubwa za Sanaa

Je, wajua kwamba mpiga picha wa Lubumbashi, mji wa shaba nchini Kongo ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani, aliwahi kufika fainali ya Prix Pictet? Tuzo hiyo ilianzishwa mwaka 2008 na benki ya Pictet ya Geneva, kwa picha zinazogusa mazingira na maisha ya watu. Kila awamu ina mada yake. Mwaka 2009 mada ilikuwa ardhi, na Sammy Baloji akawa miongoni mwa walioteuliwa.

Kazi iliyomtangaza ni Mémoire. Alichukua picha za kikoloni za vibarua wa kampuni ya machimbo ya Union Minière, akakata sura zao na kuzibandika juu ya picha alizopiga mwenyewe za mitambo iliyokufa ya Gécamines, kampuni iliyoirithi. Babu anaonekana kazini, na nyuma yake kiwanda ambacho mjukuu amekikuta kimeliwa na kutu. Anayeishi Kalangalala, mjini Geita, Tanzania, aliyesikia mabishano ya miaka mingi kuhusu magwangala, mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa wa dhahabu wa huko, ataielewa picha hiyo bila mkalimani.

Mwafrika wa kwanza kushinda Prix Pictet ni Joana Choumali wa Ivory Coast, mwaka 2019. Alipiga picha kwa simu mjini Grand-Bassam baada ya shambulio la kigaidi la 2016, akazichapa kwenye turubai na kuzidarizi kwa mkono. Zawadi: faranga 100,000 za Uswisi.

Huko Cardiff, Wales, kuna tuzo nyingine ya sanaa, Artes Mundi, ya pauni 40,000. Januari 2024 ilikwenda kwa Taloi Havini wa Bougainville, kisiwa kilichoachiwa shimo la Panguna, mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1989 katikati ya uasi wa wenyeji.

Prix Pictet haina fomu ya kujaza. Msanii hupendekezwa na wataalamu walioiona kazi yake. Kwa hiyo kazi isiyoonyeshwa haina nafasi. Baloji na wenzake walilijua hilo: mwaka 2008 walianzisha Picha, kituo kinachoandaa maonyesho makubwa ya sanaa Lubumbashi.

Geita nayo ina maduara ya kuchimbia, makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuoshea na zebaki ya kunasia dhahabu, na picha nyingi za maisha hayo hupigwa na wageni. Vijana wa Kalangalala, pigeni zenu, andikeni tarehe na mahali, kisha zionyesheni hadharani hapo hapo mjini.