Mwalimu Akihama, Daftari Litangulie

Kila mwisho wa muhula wa tatu, barabara ya Magadi hupata abiria wa namna ya pekee. Ni vitanda vilivyofungwa kamba, makochi yaliyogeuzwa miguu juu, na sufuria zinazogongana ndani ya kanta iliyojaa pomoni. Si wachache miongoni mwa wenye vyombo hivyo walio walimu. Tunaishi Ongata Rongai na Kitengela kwa sababu isiyohitaji falsafa: kodi ni nafuu kuliko ya jijini Nairobi, na matatu hukosekana kwa nadra. Lakini mwalimu huishi palipo na barua ya mwajiri wake, na barua hiyo ikibadilika, naye hana budi kubadilisha anwani.

Wenzangu hawajausahau mpango wa kuwapeleka walimu mbali na makwao, ulioanza kutekelezwa na Tume ya Huduma kwa Walimu mwaka wa 2018 hadi wabunge wakataka ukomeshwe mwaka wa 2022. Mengi yalisemwa wakati ule kuhusu ndoa na malezi, na yalistahili kusemwa. Lililosemwa kwa uchache ni namna mtu anavyoibeba nyumba nzima hadi upande wa pili wa nchi akiwa na majuma machache tu ya kujiandaa. Mimi mwenyewe nimo mbioni wakati huu. Natoka Rongai kwenda Mombasa, safari ya takriban kilomita 500, na niyasemayo hapa nimeyapata katika matayarisho hayo.

Rai yangu ni kwamba kuhama ni kazi ya daftari kabla haijawa kazi ya mabega. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami sioni mali inayohitaji daftari kuliko ile inayoondoka machoni pa mwenyewe jioni, ikalala njiani Mtito Andei au kwingineko, kisha ikatarajiwa kufika kesho yake ikiwa kamili. Kazi hii ya kuhamisha vyombo humvutia kila mwenye lori na vijana wanne wenye nguvu. Wapo waaminifu na mahiri. Nimewaona wakiteremsha kabati la vioo kutoka ghorofa ya tano pasipo mkwaruzo. Wapo pia ambao ustadi wao wote umo katika jina lililopakwa rangi ubavuni mwa gari. Hutawatenganisha kwa sura. Utawatenganisha kwa karatasi.

Niliwaita watatu wanipe makadirio. Wa kwanza alinitajia bei kwa simu kabla sijamaliza kumweleza nina vyumba vingapi. Wa pili aliomba picha. Wa tatu alimtuma binti mmoja aliyekuja na futi mkononi. Alipima upana wa ngazi, akauliza iwapo lori litafika mlangoni au litaachwa barabarani, akafungua hata makabati ya jikoni, akaandika kila alichokiona. Bei yake ilizidi za wenzake, lakini ndiye peke yake aliyejua anachouza. Gharama ya kuhama hutokana na wingi wa mzigo, umbali wa safari, idadi ya ngazi na hatua za kutoka mlangoni hadi garini. Asiyeyaona hayo anakisia tu, na makisio yake atayasahihisha siku ya safari, godoro lako likiwa limekwisha kupakiwa nawe huna la kusema.

Mkazi wa Kitengela ana swali jingine la kuuliza, nalo ni la mvua. Udongo mweusi wa kule ukilowa hunata na kumeza magurudumu, hivyo miezi ya Machi hadi Mei si ya kuleta lori kubwa uani. Yeye lakini ana nafuu ambayo sisi wa Rongai hatuna: barabara yake ya Namanga inaungana na ya Mombasa pale Athi River, ilhali sisi hutulazimu kupita Lang'ata na kuizunguka mbuga kwa Southern Bypass kwanza. Aidha, katika ploti nyingi mlinzi hafungui lango kwa mwenye vyombo asiye na barua ya mwenye nyumba. Notisi ya nyumba na barua hiyo zishughulikiwe mapema, kwani lori linalosubiri langoni nalo hulipiwa.

Kuna siri ya kibiashara inayomfaa anayeteremka pwani. Malori mengi hupanda bara na shehena za bandarini, kisha hurejea Mombasa matupu. Dereva wa namna hiyo atakubali kukubebea kwa bei ya chini, na kwa mshahara wa mwalimu hilo si jambo la kudharauliwa. Ila huyo hafungashi wala hapakui, na akipinduka Salama au Mackinnon Road hakuna atakayekujibu. Anayechagua njia hiyo aichague akijua.

Hapo ndipo tunapofika kwenye bima, na ndipo wengi wanapopotelea. Kile kibandiko kilicho kwenye kioo cha gari ni cha bima ambayo sheria inailazimisha kwa ajili ya watu wengine watakaoumia au kufa barabarani. Runinga yako haimo. Uliza bima ya mizigo iliyo safarini, uione hati yake, usome tarehe, kiwango cha juu cha fidia na yale yasiyofidiwa. Mara nyingi boksi ulilolifunga mwenyewe huwa katika hayo ya mwisho. Kisha fanyeni orodha: kila boksi namba yake, kilichomo na hali yake, hata mguu wa meza uliochubuka. Nakala mbili, saini mbili. Vitabu viwekwe katika maboksi madogo, maana boksi kubwa la vitabu humvunja mtu mgongo. Vyeti visipande lori kabisa.

Nchi hii ya Kajiado ina somo chungu kuhusu kuhama na karatasi, ingawa uzito wake haulingani hata kidogo na wa makochi yangu. Mwaka wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu za Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi, wakagawanywa kati ya Laikipia na hifadhi ya kusini, ambamo Kajiado ya leo ilikuwamo. Mkataba uliotiwa alama na Olonana na wenzake uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka wa 1911 ukaandikwa mwingine, na wale wa Laikipia wakaswagwa kusini pamoja na mifugo yao. Kesi ya Ole Njogo ilitupwa mwaka wa 1913 kwa hoja kwamba yale yalikuwa mapatano baina ya dola mbili, hivyo mahakama za hapa hazikuwa na uwezo wa kuyaamua. Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka kama wazee wale waliyasoma waliyoyatilia alama.

Sisi tuna walichokikosa, yaani mahakama ya kutusikiliza. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Humhitaji wakili, na sheria inataka hukumu itoke katika siku 60. Lakini hakimu atakuuliza ulikuwa na nini, kikiwa katika hali gani, na nani alikubali kukibeba. Bila ile orodha, utabaki kueleza kwa mikono ukubwa wa friji lako.

Nimemchagua yule wa futi. Familia itapanda treni Syokimau, vyombo viende kwa lori. Niliomba sentensi moja iongezwe katika mkataba: kwamba saini ya kupokea itatiwa baada ya maboksi ya vioo kufunguliwa mbele ya dereva. Meneja alisita, akasema hakuna mteja aliyewahi kulitaka hilo. Kisha akaiandika.