Kaa rada: Ukibeti kwa kripto, hakuna 456 ya kukuokoa

UKITUMA pesa za M-Pesa kwa namba isiyo yenyewe, unajua cha kufanya. Unapeleka ule ujumbe kwa 456, unasubiri, na kama aliyezipokea hajazitoa, kuna matumaini. Ukituma Bitcoin au USDT kwa anwani isiyo yenyewe, hakuna 456. Hakuna kastoma kea, wala hakuna duka mjini Eldoret la kwenda kupanga foleni na kitambulisho mkononi. Zimeenda, msee.

Nataka uanze na hilo kwa sababu mambo yamebadilika mtaani. Hapa Kapsoya wikendi ya Ligi Kuu ya Uingereza haihitaji tangazo. Kuanzia stejini hadi ukishuka upande wa Munyaka, kila kikundi cha vijana kina mkeka wa kujadili. Si jambo la jana. GeoPoll ilipowahoji vijana mwaka wa 2017, asilimia 76 ya Wakenya walisema wamewahi kubeti. Kilicho kipya ni kwamba wengine sasa wanahamia tovuti za nje zinazopokea kripto.

Sikuambii ubeti. Kama hubeti, kaa hivyo hivyo, hakuna unachokosa. Lakini kama tayari uko ndani, au rafiki anakuvuta, haya ndiyo ya kujua kabla hujabonyeza.

Hesabu ya "hakuna makato"

Wanaokuvutia huko watakuambia jambo moja: huko hakuna kodi. Ni kweli kwamba tangu Julai 2025, ukiweka pesa kwa akaunti ya kampuni ya kamari ya hapa, asilimia 5 inakatwa, na ukitoa, asilimia 5 nyingine. Inauma. Lakini tupige hesabu.

Chukua thao moja. Kwa kampuni ya hapa, unabaki na Sh950. Ukizitoa bila kucheza hata mechi moja, unapata kama Sh902, ukiweka kando ada ya M-Pesa.

Sasa pitia kripto. Tuseme muuzaji anakuuzia USDT moja kwa Sh131. Unapata 7.63. Tuseme ada ya kutuma kwa tovuti ni USDT moja, na ya kurudisha ni moja tena. Unabaki na 5.63. Ukiuza, mnunuzi anakupa Sh128 kwa moja. Mkononi una kama Sh720, na hujabeti chochote! Umekimbia kodi ya soo moja ukalipa karibu soo tatu. Bei na ada hubadilika kila siku, lakini kwa mwenye kucheza na thao moja moja, hesabu hii mara nyingi haimpendelei.

Na hapo ni USDT, ambayo hufuata dola. Ukishika Bitcoin yenyewe, kuna bahati nasibu ya pili. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Unaweza kushinda mkeka na bado ukapoteza pesa.

Nani ataiita ofisini?

Aprili 2025 bodi ya kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na kampuni za hapa zikalazimika kutii. Agosti mwaka huo sheria mpya ya kamari ikatiwa saini, ikaleta mamlaka mpya ya kuzisimamia. Upende usipende serikali, kampuni yenye leseni ya hapa ina mtu wa kuiita ofisini ikikataa kukulipa.

Tovuti nyingi za kripto zina leseni za visiwa vya mbali kama Curaçao, huko Karibiani. Zingine hazina leseni yoyote, ni nembo tu imebandikwa chini ya ukurasa. Ikifunga akaunti yako yenye dola 300, utaishtaki wapi ukiwa Kapsoya?

Upande wa kripto wenyewe, Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndizo zenye kazi ya kutoa leseni. Kwa hivyo mtu akikuambia kampuni yake "imeidhinishwa", usitosheke na skrinshoti. Ingia tovuti rasmi za taasisi hizo uangalie jina mwenyewe.

Na ukubwa si kinga. Septemba 2023 wadukuzi walivamia Stake, moja ya tovuti kubwa zaidi za kamari ya kripto, wakachukua kama dola milioni 41. FBI ya Marekani ilisema ni kikundi cha Lazarus cha Korea Kaskazini. Stake ilisema pesa za wateja ziko salama, na iliendelea na kazi. Tovuti ndogo iliyofunguliwa mwezi jana ikipigwa hivyo, itafunga tu.

Mahali vijana wanachomeka

Kununua na kuuza. Wengi hununua kripto kwa mtu binafsi na kulipa kwa M-Pesa. Ukiwa wewe ndiye unauza, usiachilie sarafu kwa sababu umeona ujumbe. Ujumbe wa M-Pesa hughushiwa kirahisi. Piga *334# uangalie salio lako. Hakikisha pia jina lililotuma ni lile lile lililo kwenye akaunti ya mnunuzi. Pesa ikitoka kwa mtu mwingine, huenda ni ya wizi, na simu utakayopigiwa baadaye si ya kukupongeza. Na usikubali kamwe kuhamishia biashara WhatsApp "ili tuokoe ada". Jukwaa la mauzo hushikilia sarafu hadi malipo yathibitishwe. Ukitoka nje yake, umeitupa hiyo kinga.

Anwani na mtandao. USDT hupita kwenye mitandao tofauti, kama TRC20 na ERC20. Ukituma kwa mtandao ambao tovuti haipokei, pesa zaweza kupotea kabisa. Nakili anwani, usiiandike kwa mkono, kisha linganisha herufi za mwanzo, za katikati na za mwisho, kwa sababu kuna virusi vya simu vinavyobadilisha anwani uliyonakili. Tuma kiasi kidogo kwanza. Kikifika, tuma kilichobaki.

Maneno ya siri. Pochi yako ya kripto ina maneno 12 au 24. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa, basi. Yaandike kwenye karatasi, uifiche. Usiyapige picha, usijitumie WhatsApp. Hakuna mfanyakazi wa kweli wa kampuni yoyote atakayekuomba, hata akijiita "sapoti".

Laini ya simu. Wezi wakibadilisha laini yako, wanapokea namba zako zote za siri. Kama uko Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe na ajenti yeyote tu. Kwa akaunti ya kripto, tumia programu ya kutoa namba za uthibitisho badala ya SMS.

Bonasi. "Weka dola 10, tunakuongezea 10." Soma masharti. Ukiambiwa uzungushe bonasi mara 30, maana yake ni kubeti dola 300 kabla hujaruhusiwa kutoa. Angalia pia kama Kenya iko kwenye orodha ya nchi zisizoruhusiwa. Kuna tovuti zinazopokea pesa zako bila kuuliza jina, halafu siku ya kutoa ndipo zinataka pasipoti, bili ya stima na selfi. Ndiyo maana mtihani wa kwanza wa tovuti ni kutoa, si kuweka. Weka kidogo, jaribu kukitoa, uone kama kinafika.

Ada ya kutoa ushindi. Hii ndiyo inamaliza watu. Akaunti inaonyesha umeshinda dola 2,000, lakini lazima "ulipe kodi kwanza" dola 80. Ukilipa, inakuja ada nyingine. Kumbuka jambo moja: mwenye pesa zako anaweza kukata ada humo humo. Akitaka utume nyingine, hakuna ushindi, ni namba tu kwenye skrini. Vivyo hivyo kwa wale wa Telegram wanaouza mechi zilizopangwa, na wale wanaojitokeza ukishaibiwa wakidai watakurudishia pesa kwa malipo kidogo. Mara nyingi ni jamaa wale wale.

Ukishapigwa

Usifute kitu kwa aibu. Hifadhi mazungumzo, anwani ya pochi na namba ya muamala, kisha ripoti polisi au DCI. Kama ulilipa kwa M-Pesa, piga kampuni ya simu mara moja, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo pekee yenye breki. Badilisha nywila zote. Halafu usirudi kubeti ili "kurudisha". Hapo ndipo hasara ya Sh5,000 huwa ya karo nzima.

Pesa ya HELB, ya kodi ya nyumba na ya chama hazina kazi kwenye mkeka, iwe kwa M-Pesa au kwa kripto. Amua kiasi cha mwezi ambacho kikipotea utakula na kulala vizuri. Kama huwezi kukitaja, au ukikitaja unamdanganya mtu wa nyumbani, tatizo lako si usalama wa kripto. Ongea na mtu wiki hii, kabla ya mechi za Jumamosi.