Mke Aliyetoka Ziwani

Hadithi za wanawake wa majini husimuliwa katika nchi nyingi zenye maziwa na mito. Watoto huzipenda kwa maajabu yake. Lakini mume na mke wakizisikiliza vizuri, watasikia habari za nyumba yao wenyewe.

Mvuvi wa Gwassi

Huko Gwassi, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, Wajaluo husimulia habari za Nyamgondho, mvuvi maskini. Siku moja wavu wake ulinasa mwanamke mzee badala ya samaki. Mama yule alimwomba amchukue nyumbani. Tangu hapo zizi likajaa ng'ombe na mbuzi. Nyamgondho akatajirika, akaoa wake wengine, akazoea pombe. Usiku mmoja alirudi amelewa, akamtukana yule mama kwamba ni mtu wa kuokotwa ziwani. Mama akaondoka kurudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alibaki ameegemea fimbo yake, akageuka mti.

Mapigo matatu

Ulaya nako, katika nchi ya Wales, kuna ziwa dogo liitwalo Llyn y Fan Fach. Inasimuliwa kwamba binti wa ziwa hilo aliolewa na kijana mkulima. Alikuja na mifugo aliyopewa na baba yake, na sharti moja: mume akimpiga mara tatu bila sababu, ataondoka. Mapigo yenyewe yalikuwa madogo, lakini yalihesabiwa. Lilipofika la tatu, mke alirudi ziwani na mifugo yake, hata maksai waliokuwa wakivuta plau. Wanawe hakuwasahau. Aliwatokea tena, akawafundisha dawa za mimea, wakawa matabibu mashuhuri wa Myddfai.

Na kwetu je?

Katika hadithi zote mbili, mali iliingia na mke ikatoka na mke. Hapa Kharumwa mali ya nyumba hutokana na mpunga, pamba, ng'ombe na dhahabu, na mara nyingi huitwa mali ya baba. Mke aliyepalilia, akateka maji na kuwapikia wachimbaji, hana ng'ombe watakaomfuata siku akifukuzwa.

Ni vizuri basi tujue haki zetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya wanandoa.

Kwa hiyo, mama, andika katika daftari magunia mliyovuna na fedha uliyotoa. Tunza risiti. Mnaponunua shamba au kiwanja, zungumza na mumeo kwa upole ili majina yenu yote mawili yaandikwe. Na jioni mkiota moto, wasimulie watoto habari za Nyamgondho, hasa wale wa kiume, maana kesho wao ndio watakaooa.