Bima ya afya Afrika Kusini: kwa nini wengi hawana?

Afrika Kusini ina baadhi ya hospitali bora kabisa barani Afrika, lakini ni takriban watu 16 tu katika kila 100 walio na bima inayowawezesha kutibiwa katika hospitali binafsi.

Waliobaki, zaidi ya watu milioni 50, hutegemea hospitali na zahanati za serikali.

Mwezi Mei mwaka 2024, Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria ya Bima ya Taifa ya Afya, NHI, yenye lengo la kuondoa pengo hilo. Sheria hiyo imezua upinzani mkali na kesi kadhaa mahakamani.

Chanzo cha mvutano huo kinaonekana wazi katika kesi moja iliyoanzia mji wa Durban.

Kesi ya Addington

Mwaka 1997, Thiagraj Soobramoney, mkazi wa Durban aliyekuwa na umri wa miaka 41 na asiye na kazi, alikuwa akiugua kisukari na maradhi ya moyo, na figo zake zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi. Alihitaji kusafishwa damu kwa mashine ili aendelee kuishi.

Alilipia matibabu hayo katika hospitali binafsi hadi fedha zake zikamalizika. Alipokwenda hospitali ya serikali ya Addington, alikataliwa.

Hospitali hiyo ilikuwa na mashine 20, baadhi yake zikiwa katika hali mbaya. Wagonjwa wa figo wasioweza kupona walipewa nafasi endapo tu walifaa kupandikizwa figo nyingine, na maradhi yake ya moyo yalimnyima sifa hiyo.

Kesi ilifika Mahakama ya Katiba. Novemba 27, 1997, majaji walisema kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, lakini serikali hutimiza wajibu huo kwa kadiri ya rasilimali ilizo nazo. Ombi lake lilitupwa, naye akafariki dunia muda mfupi baadaye.

Mashine za kumsaidia zilikuwapo, na tayari alikuwa amezitumia. Kilichokosekana ni uwezo wa kuzilipia.

Bima hufuata mshahara

Sababu kubwa ya watu kukosa bima ni ajira. Wengi wa wanachama wa mifuko ya bima ni wafanyakazi wenye mishahara, ambao mara nyingi waajiri huwachangia. Zaidi ya asilimia 30 ya nguvukazi ya nchi hiyo haina kazi, na wengine wengi hufanya vibarua, kazi za nyumbani au biashara ndogo ndogo.

Sababu ya pili ni gharama. Sheria ya mwaka 1998 inakataza mifuko ya bima kumkataa mtu au kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Hata hivyo, haimlazimishi mtu yeyote kujiunga. Vijana wenye afya hubaki nje, wagonjwa na wazee huingia, na michango hupanda.

Uchunguzi wa Tume ya Ushindani uliokamilika mwaka 2019 ulibaini pia kwamba makampuni matatu yanamiliki zaidi ya asilimia 80 ya vitanda vya hospitali binafsi, hali inayodhoofisha ushindani wa bei.

Hoja ya mageuzi

Nchi hiyo hutumia takriban asilimia 8.5 ya pato lake kwa afya, kiwango kikubwa kwa Afrika. Lakini karibu nusu ya fedha hizo huwahudumia wale wachache wenye bima.

Watetezi wa NHI wanasema tatizo ni mgawanyo. Chini ya sheria hiyo, mfuko mmoja unaotegemea kodi utanunua huduma kutoka hospitali za umma na za binafsi, na mgonjwa hatalipa anapotibiwa. Mfuko utakapokamilika, bima binafsi zitaruhusiwa kugharamia tu huduma ambazo NHI haitoi.

Kipengele hicho ndicho kinachopingwa zaidi. Vyama vya madaktari na mifuko ya bima vinasema walipa kodi ni wachache mno kuweza kubeba mzigo huo. Wakosoaji wanaonya pia kuhusu rushwa, wakikumbusha kwamba Waziri wa Afya Zweli Mkhize alijiuzulu Agosti 2021 kufuatia kashfa ya zabuni katika wizara yake. Yeye alikanusha kufanya kosa.

Mwezi Mei 2025, Mahakama Kuu mjini Pretoria iliamua kwamba hatua ya Rais kutia saini sheria hiyo inaweza kuchunguzwa na mahakama.

Wageni je?

Kwa wahamiaji kutoka Afrika Mashariki waishio Durban, suala hili lina uzito wa pekee. Sheria ya NHI inawajumuisha wakazi wa kudumu na wakimbizi waliotambuliwa. Watu wazima walio waomba hifadhi au wasio na vibali watapata huduma za dharura na matibabu ya maradhi yanayopaswa kuripotiwa serikalini.

Mwaka 2025, waandamanaji walikusanyika nje ya hospitali ile ile ya Addington wakiwazuia wageni kuingia, kwa madai kwamba wanawanyima wenyeji nafasi. Kwa mara nyingine, swali lilikuwa nani atibiwe pale huduma zinapokuwa chache.

Kenya na Tanzania zinakabiliwa na swali hilo pia. Kenya ilianzisha mfuko mpya wa bima ya afya ya jamii Oktoba 2024, ambapo waajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Bunge la Tanzania lilipitisha muswada wa bima ya afya kwa wote Novemba 2023.

Katika nchi zote tatu, kumkata mwenye mshahara ni rahisi. Mtihani wa mageuzi ni kumfikia mtu kama yule wa Durban, asiye na mwajiri wala akiba, kabla ugonjwa haujamfikisha kwenye mlango wa hospitali.